Mtani Ndiye Aseme

ADINANI: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

WENCESLAUS: Ni bwana wako. Simama unapoongea na mimi.

ADINANI: [anacheka] Aaa! Mnyamwezi! Nilikuwa najiuliza nani ananuka moshi wa mizinga ya nyuki mpaka kwenye simu. Hujafa tu?

WENCESLAUS: Nife nimwachie nani kazi ya kukuzika? Mwangaluka.

ADINANI: Mwangaluka, mwangaluka. Na hii simu ya nani? Umeanza wizi uzeeni?

WENCESLAUS: Ya Apolinaria.

ADINANI: Mwanao yule mwalimu?

WENCESLAUS: Huyo huyo. Yangu imezima, na chaja iko sebuleni. Sebuleni siendi. Nimejifungia chumbani.

ADINANI: Recheli kakufukuza na mwiko! Nilijua. Mwanamke mvumilivu lakini kila kitu kina—

WENCESLAUS: Nisikilize, Adinani.

ADINANI: —mwisho wake. Haya, nasikiliza.

WENCESLAUS: Nyumba yangu hapa Chemchem imejaa watu mpaka barazani. Kaka yangu Kornel katoka Igalula. Mashemeji wametoka Tura. Wamechinjiwa kuku wawili, wamekula, wamefuta midomo, sasa wamekaa wananingoja.

ADINANI: Harusi hiyo, na mimi hujanialika.

WENCESLAUS: Ni kikao cha kifua changu.

[Mkwaruzo kwenye simu.]

ADINANI: Sema tena, mtandao unakwaruza.

WENCESLAUS: Kifua changu, bwana! Moyo. Nilikwambia nilipokuja huko Dar kupimwa. Wewe ukasema huwezi kuja wodini kunisalimia, una msiba.

ADINANI: Ndiyo. Msiba. Eeh. Walisemaje kwani?

WENCESLAUS: Mishipa inayoulisha moyo imeziba, mitatu. Na moyo wenyewe umechoka, hausukumi damu sawasawa. Daktari alinionyesha kwenye kioo. Nikauona unavyojivuta, kama mtu anayepanda kilima na gunia. Nikamwambia, huyo kweli ni Mnyamwezi, hata akichoka hatui mzigo.

ADINANI: [anacheka, kisha anakohoa] Mpagazi wa Kimungu.

WENCESLAUS: Sasa wamenipa njia mbili. Ya kwanza, nipasuliwe. Wafungue kifua, wachukue mshipa mguuni, waushone juu ya moyo upeleke damu kwa pembeni, penye kuziba papitwe.

ADINANI: Kama tulivyokuwa tunafanya reli ikisombwa na maji.

WENCESLAUS: Hivyo hivyo. Kipande kipya pembeni, treni ipite. Njia ya pili, vidonge tu. Vya kuushika moyo, vya kulainisha damu, vya kukojoa maji. Nakaa nyumbani na vidonge vyangu mpaka Mungu atakapopenda.

ADINANI: Basi umeshaeleza vizuri. Chagua.

WENCESLAUS: Ndipo hapo. [anashusha sauti] Adinani, nimewaambia wote pale sebuleni kwamba mimi sichagui, Apolinaria hachagui, Recheli hachagui. Mtani wangu Adinani Mzaramo, aliyeko Pugu, ndiye aseme. Akisema kisu, kisu. Akisema vidonge, vidonge. Na wamekubali.

[Kimya.]

WENCESLAUS: Haloo?

ADINANI: Niko.

WENCESLAUS: Umenisikia?

ADINANI: Nimesikia umekuwa kichaa. Mimi nilikuwa naongoza treni na kijibendera. Leo ndiyo nikupangie wewe kupasuliwa?

WENCESLAUS: Mtani hakasirikiwi.

ADINANI: Ndiyo maana unanitupia mimi?

WENCESLAUS: Ndiyo maana. Fikiri. Apolinaria akisema nipasuliwe, nami nikafia mezani, Kornel atasema nini pale matangani? Atasema mtoto kamuua baba yake kwa elimu yake. Atalibeba hilo neno mpaka kaburini kwake, na wanawe watarithi. Akisema nikae na vidonge, nami nikafa mwakani, Valentino kaka yake atamwambia ulimzuia baba asipone. Huku shimo, huku shimo. Lakini wewe? Wewe ukiniua, nani atakudai? Utakuja msibani utacheka, utaingia kaburini ukatae kutoka mpaka walipe, watalipa, basi. Hakuna anayemwekea mtani kinyongo tangu babu zetu walipokuwa wanafika huko pwani na pembe vichwani.

ADINANI: Na babu zangu wakawauzia nazi moja kwa bei ya tano.

WENCESLAUS: Umeona? Mmetuibia toka zamani, hata roho yangu ukiondoka nayo si jambo geni.

ADINANI: Mnyamwezi, hilo umelipanga wewe?

WENCESLAUS: Nimelipanga nikiwa nimelala macho. Jibu linatakiwa mchana huu. Hospitali wameshika nafasi yangu, Apolinaria anatakiwa awapigie kuwaambia nakuja au siji. Nisipokwenda anapewa mwingine. Na wengine ni wengi.

[Mlango unagongwa. Sauti ya mwanamke: "Baba?"]

WENCESLAUS: [mbali na simu] Bado! Naongea naye! ... Ndiyo, nimempata! ... Haya, Adinani. Sema.

ADINANI: Hebu ngoja nikae.

WENCESLAUS: Kaa. Chukua nafasi yako.

[Kimya kirefu. Mkwaruzo.]

ADINANI: Daktari mwenyewe alikushauri nini? Usinifiche.

WENCESLAUS: Alisema ukweli, ndiyo maana sina pa kushika. Alisema wenzao waliwafuata watu wengi wenye moyo kama huu wangu, uliochoka na mishipa imeziba. Wengine walipasuliwa, wengine wakapewa vidonge tu. Miezi ya mwanzo, waliokufa zaidi ni wa kisu. Wengine hawakuamka hata mezani. Lakini miaka ilivyokwenda, mambo yakageuka. Wa kisu wakawa wamebaki wengi kidogo kuliko wa vidonge.

ADINANI: Kidogo.

WENCESLAUS: Kidogo, eeh. Nami nikamuuliza, huo ukidogo mimi nitauona? Akasema kijana anauona zaidi. Mzee, faida inapungua. Mimi umri wangu uko katikati, kwenye ua. Mguu mmoja huku, mwingine huku.

ADINANI: Na ukipasuliwa vidonge unaviacha?

WENCESLAUS: Wapi! Hilo nalo. Nilidhani kisu kinafuta vidonge. Akasema la, mzee, vidonge ni vile vile, unapasuliwa na bado unameza. Recheli aliposikia hivyo akapiga goti pale pale. Anasema kama vidonge ni vile vile, kisu cha nini? Si kumjaribu Mungu?

ADINANI: Ana hoja, mama wa watu.

WENCESLAUS: Kornel yeye anasema mtu akifunguliwa kifua kuna kitu kinatoka hakirudi. Anataja na majina ya watu. Valentino anapiga simu kutoka Mwanza kila saa, baba kapasuliwe, baba unangoja nini. Apolinaria hasemi kitu, anapika chai tu. Chai ya nne hii. Mgonjwa haulizwi uji, wanasema. Mimi nimeulizwa kila kitu, mpaka nimejifungia.

ADINANI: Mzee mzima umejificha uvunguni.

WENCESLAUS: Kitandani. Uvunguni siinami tena, pumzi inakata.

ADINANI: Inakata ukiinama?

WENCESLAUS: Nikifunga viatu. Na shambani Igalula sijapanda mtini tangu masika. Mizinga ninayo mingapi kule, na asali anairina Kornel. Ananiletea ndoo moja anasema nyuki wamepungua. Nyuki wamepungua! Nyuki wamhame Kornel siku moja tu tangu nilale?

ADINANI: [anacheka, anakatika] Ndugu yako ana— ana— [mkwaruzo]

WENCESLAUS: Haloo?

ADINANI: —ana njaa. Samahani, mtandao.

WENCESLAUS: Mtandao wa huko Pugu umeoza siku hizi. Haya. Basi mimi nakuambia ninavyoona, halafu wewe uthibitishe tu. Ninaona vidonge.

ADINANI: Vidonge.

WENCESLAUS: Kwa nini? Kwa sababu yako wewe! Si uliambiwa haya haya? Mishipa imeziba, moyo umechoka, ukaitwa kwenye kisu, ukawaambia Mzaramo hapasuliwi kama papai. Ukachukua vidonge vyako ukaenda zako. Na angalia ulivyo. Juzi juzi si uliniambia umecheza ngoma ya mdundiko kwenye harusi ya mjukuu wako mpaka watu wakakushika?

ADINANI: Nilisema hivyo, ndiyo.

WENCESLAUS: Basi! Mimi nimeshawaambia sebuleni. Nikawaambia, mnaniletea habari za watu wa mbali waliofuatwa na madaktari, mimi mtu wangu ninaye. Ana moyo kama wangu, hajaguswa na kisu, anacheza ngoma. Hata Apolinaria alinyamaza.

ADINANI: Umewaambia hivyo.

WENCESLAUS: Kwa hiyo kazi yako nyepesi. Sema tu "vidonge", niwafungulie mlango, Kornel arudi kwao, Recheli amshukuru Mungu, na mtoto wangu hana lawama. Sema.

[Kimya.]

WENCESLAUS: Adinani, dakika zangu zinakwenda. Hii simu ya mwalimu, haina salio la maana.

ADINANI: Huyo Kornel, kumbe bado ana yale masharubu?

WENCESLAUS: Anayo. Sema.

ADINANI: Nakumbuka pale stesheni ya Tura, alikuja kukutembelea, masharubu yakanasa kwenye—

WENCESLAUS: Adinani!

ADINANI: Nasema, nasema. Usinikimbize. Kwani unadhani— [kimya] —unadhani neno kama hilo linatemwa tu kama ganda la muwa?

WENCESLAUS: Wewe tangu lini unapima maneno?

ADINANI: Leo.

[Kwa mbali, upande wa Adinani, sauti ya mwanamke: "Usinyanyuke, baba, utaanguka tena. Unataka nini nikuletee?"]

WENCESLAUS: Nani huyo?

ADINANI: Mkwe wangu. Ana kelele.

WENCESLAUS: Anamwambia nani asinyanyuke?

ADINANI: Paka.

WENCESLAUS: Anamwita paka baba?

ADINANI: Wazaramo tunaheshimu wanyama. Si kama nyinyi mnaokula kila kinachoruka.

WENCESLAUS: [hacheki] Utaanguka tena. Amesema "tena".

ADINANI: Mnyamwezi—

WENCESLAUS: Mwanzo ulisema ngoja ukae, nikadhani umesimama. Kisha kumbe ulikuwa umekaa. Au umelala?

ADINANI: Unahoji kama polisi wa reli.

WENCESLAUS: Umelala, Adinani?

ADINANI: Nimeegemea.

WENCESLAUS: Kwenye nini?

ADINANI: Mito.

WENCESLAUS: Mito mingapi?

[Kimya.]

WENCESLAUS: Mimi nalalia miwili. Nikilala chali nazama, naona kama nimetupwa kisimani. Daktari aliniuliza hilo la kwanza kabisa, mito mingapi, kabla hajanigusa. Nakuuliza na wewe.

ADINANI: Silali, Wenceslaus. Nakaa. Hata usiku nakaa hivi hivi nikiegemea.

WENCESLAUS: Umeniita jina.

ADINANI: Eeh?

WENCESLAUS: Toka tumejuana hujawahi kuniita jina. Mnyamwezi, mpagazi, mla kumbikumbi, yote. Hata siku mama yangu alipofariki uliniita "yatima mwenye mvi". Leo umeniita jina langu la ubatizo. Nimeogopa.

ADINANI: Usiogope.

WENCESLAUS: Unazidi kuniogopesha! Nitukane!

ADINANI: Ng'ombe wewe.

WENCESLAUS: Hata sauti huna.

ADINANI: [anavuta pumzi] Nimechoka kidogo tu. Nimeongea sana. Toka jana sijaongea sana.

WENCESLAUS: Kwa hiyo ule ukimya... Sio mtandao?

ADINANI: Mtandao upo vizuri kabisa. Wamejenga mnara nyuma ya msikiti. Nauona kutoka hapa dirishani.

WENCESLAUS: Na mdundiko?

ADINANI: Ulipita. Niliusikia. Walisimama chini ya dirisha langu wakapiga sana, kwa heshima. Wajukuu wakaninyanyua nikapunga mkono.

WENCESLAUS: Ukaniambia umecheza.

ADINANI: Mkono ulicheza.

WENCESLAUS: Na ule msiba uliokuzuia kuja kuniona wodini? Nani alikufa?

ADINANI: Mnyamwezi, yule aliyekuwa anakufa ndiye alikuwa anaongea nawe. Haya, umefurahi?

[Mlango unagongwa. Sauti ya mwanamme: "Mdogo wangu, chakula kimeisha na watu wana safari!"]

WENCESLAUS: [mbali na simu, kwa ukali] Kornel, ondoka mlangoni! Ondoka! ... [kwenye simu, taratibu] Mficha maradhi...

ADINANI: Usimalizie.

WENCESLAUS: Sitamalizia.

ADINANI: Sikuficha kwa ubaya. Nilianza kama utani. Kila ukinipigia unacheka, unasema Mzaramo wewe huna hata aibu ya kuugua. Nikaona, huyu naye kifua chake kimeanza, mwache acheke. Sikujua utanigeuza ushahidi.

WENCESLAUS: Vidonge vilikukataa?

ADINANI: La. Usivitukane vidonge. Vilinibeba. Vilinipa masika baada ya masika. Nilimwona mjukuu akiolewa, au niseme nilimsikia. Lakini vinabeba mpaka pale vinapofika, halafu vinakutua. Nikarudi kule hospitali. Nikawaambia, haya, nimekubali sasa, nipasueni kama papai.

WENCESLAUS: Wakasemaje?

[Kimya.]

WENCESLAUS: Wakasemaje, Adinani?

ADINANI: Yule daktari alikuwa kijana mpole. Aliangalia karatasi zake, akaangalia miguu yangu ilivyojaa maji, akaangalia figo kwenye majibu. Akaniuliza nina watoto wangapi.

WENCESLAUS: Yesu na Maria.

ADINANI: Ndiyo hivyo. Daktari akikuuliza idadi ya watoto ujue mazungumzo ya dawa yamekwisha.

WENCESLAUS: Hakuna tena kisu?

ADINANI: Kwangu, hakuna. Moyo hautakivumilia. Nilipoitwa sikwenda. Nilipokwenda sikuitwa.

[Mkwaruzo, kweli mara hii.]

WENCESLAUS: Sasa mimi nifanye nini? Nilikuwa nimekushika wewe kama nguzo. Nimeutoa mkono kwenye nguzo, nimebaki hewani.

ADINANI: Ulisema mtani ndiye aseme.

WENCESLAUS: Nilisema kabla sijajua—

ADINANI: Wamekubali kule sebuleni au hawakukubali?

WENCESLAUS: Wamekubali.

ADINANI: Basi mtani anasema. Nenda kapasuliwe.

WENCESLAUS: Unasema hivyo kwa sababu yako imekwenda vibaya.

ADINANI: Kwa sababu hiyo hasa. Nilivyo hivi siwezi kusema nyingine.

WENCESLAUS: Lakini huenda wewe ungepasuliwa ungekuwa umekufa siku ile ile! Ungekuwa umeoza zamani! Hao waliofuatwa, wengine hawakuamka. Ningekuwa nimekuja Pugu kukutukana kaburini hadharani, mbele ya watu wote.

ADINANI: Huenda. Sijui. Hakuna anayejua. Hata yule kijana mpole hajui. Ndiyo maana ukanipa mimi, nisiyejua kitu. Ungempa anayejua, asingethubutu kusema.

WENCESLAUS: Na nikifa mezani?

ADINANI: Utakuwa umeniua mimi kwa kicheko. Nitasema, Mnyamwezi amebeba mizigo maisha yake yote, siku moja tu ameambiwa alale abebwe, akakata roho.

WENCESLAUS: [anacheka, kicheko kinageuka kilio] Mshenzi wewe.

ADINANI: Afadhali. Sasa unaongea.

WENCESLAUS: Adinani. Subiri. Kuna kitu... Wakinifungua, nitalala kule wodini muda. Kifua kimeshonwa, sinyanyui hata kikombe. Apolinaria kasema ni muda mrefu, halafu nitakaa huko huko mjini kwa ndugu, sisafiri, sigusi kitu.

ADINANI: Ndiyo. Utalishwa uji kama mtoto.

WENCESLAUS: Na wewe utakuwa... [anasita] Wewe hapo ulipo. Kama katika muda huo...

ADINANI: Kama nini?

WENCESLAUS: Unajua kama nini. Nani ataingia kaburini kwako? Nani atalala mle chini akatae kutoka? Nani atavaa kofia yako aigize unavyotembea kwa maringo? Sina mwakilishi. Kornel hawezi, hajui hata kucheka.

ADINANI: Watazika kimya kimya. Jamaa zangu watakuwa mara ya kwanza wamezika bila kudaiwa na Mnyamwezi. Watashukuru.

WENCESLAUS: Nisikutanie wewe? Toka ujana wetu tumeahidiana.

ADINANI: Tumeahidiana atakayebaki. Sasa baki.

[Upande wa Wenceslaus, mtu anavuta makamasi.]

WENCESLAUS: Niende na vidonge tu, basi. Mwezi huu, miwili. Nikuage. Halafu nitakwenda kwenye kisu.

ADINANI: Halafu nafasi yako amepewa mwingine. Halafu miguu imejaa maji. Halafu unaulizwa idadi ya watoto. Hapana. Mtani amesema, hasemi mara mbili.

WENCESLAUS: Umenifunga kamba.

ADINANI: Wewe ndiye uliyenifunga kwanza. Sikukwambia unipe mimi. Mimi nilikuwa nimeegemea zangu natazama mnara.

WENCESLAUS: Nilitaka kumwokoa mtoto na lawama.

ADINANI: Umemwokoa. Lawama ninayo mimi hapa, na haitanisumbua muda mrefu.

WENCESLAUS: Usiseme hivyo!

ADINANI: Utani huo, mpagazi. Umesahau hata utani?

[Simu inatoa mlio mfupi.]

WENCESLAUS: Hiyo nini? Salio. Linakwisha. Sikiliza, sikiliza upesi. Nikija huko Dar, kabla hawajaniingiza, nitapita Pugu. Nitamwambia Apolinaria tushuke.

ADINANI: Usishuke. Nenda moja kwa moja.

WENCESLAUS: Nitapita!

ADINANI: Usipite, bwana! Ukiniona hutakwenda. Ukiniona nilivyo utakaa hapa mlangoni kwangu na mkoba wako, na nafasi itapita. Nakujua. Nisikie tu kwenye simu, inatosha.

[Mlio tena.]

WENCESLAUS: Basi nikiamka. Nikishaamka, kitu cha kwanza, nakupigia.

ADINANI: Piga.

WENCESLAUS: Utapokea?

[Mkwaruzo. Kimya.]

WENCESLAUS: Adinani, utapokea?

ADINANI: Ukiamka usinywe maji mengi kwa pupa. Wanakupimia. Na ukikohoa kumbatia mto, kifua kisiachie, alinieleza jirani yangu wa wodini aliyepasuliwa. Umesikia? Kumbatia mto kwa nguvu.

WENCESLAUS: Nimesikia. Lakini utapo—

ADINANI: Piga tu, we Mnyamwezi. Piga hata mara mia. Na kama—

[Simu inakatika.]

WENCESLAUS: Na kama nini? Haloo? ... Haloo, Adinani? ... Na kama nini, mshenzi wewe? ...

[Mlango unagongwa, taratibu. Sauti ya Apolinaria: "Baba, saa imefika. Wananingoja niwajibu."]

WENCESLAUS: Nakuja. Nafungua... Ngoja nivae kandambili.

[Komeo linavutwa. Vishindo vya watu wakisimama.]

WENCESLAUS: Kaeni, kaeni, mbona mmesimama kama mnapokea jeneza? Chukua simu yako, Apolinaria. Haina kitu, weka salio uwapigie kule. Waambie nakuja.

[Minong'ono. Sauti ya Recheli: "Mungu wangu."]

WENCESLAUS: Ndiyo, kisu. Amesema kisu. Recheli, usilie, mama... Kornel, kaa chini! Mlikubali wote hapa, mtani akisema hapingwi. Nani anabisha? ... Basi.

[Sauti ya Kornel: "Lakini yeye mwenyewe si alikataa kupasuliwa? Na si ulikiambia kikao kwamba ni mzima, anacheza ngoma? Hajambo huyo mtani?"]

WENCESLAUS: Hajambo. Amenitukana sana.